Mafunzo yamekwisha, kazi imebadilika? Mwongozo wa kupima mafunzo ya wafanyakazi wa vijijini

Karatasi zilikuwa 14, na zote zilisema mafunzo yalikuwa mazuri. Ukumbi mzuri, mwezeshaji mzuri, chakula kizuri, ingawa mmoja aliandika kwamba nyama "ingeongezwa kidogo". Jaribio la mwisho lilitoa wastani wa 17 kati ya 20. Nikaandika ripoti, mfadhili akafurahi, faili likafungwa.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimekaa chini ya mti katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, namtazama kijana aliyepata 18 akiwaonyesha wakulima namna ya kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi. Alifanya kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja: chumvi yenyewe ilikuwa imeshashika unyevu kwenye kipakiti chake. Akaitia kwenye chupa pamoja na mahindi, akatikisa, ikagandamana na chupa. Akatangaza kwamba mahindi bado mabichi, yakaanikwe tena. Mzee mwenye mahindi akachukua punje moja, akaitia menoni, ikakatika kwa mlio. "Mwanangu," akamwambia kwa upole, "haya yamekauka tangu wiki iliyopita." Watu wakacheka, na somo likaishia hapo.

Jaribio letu lilikuwa na swali la chumvi. Kijana alilijibu vizuri kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwona akifanya kwa mikono yake kabla hajapanda pikipiki kurudi kijijini.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesimamia mafunzo ya wafanyakazi katika shirika la maendeleo vijijini, awe afisa rasilimali watu, mratibu wa mradi au mtu wa ufuatiliaji na tathmini. Katika mashirika madogo hao wote huwa ni mtu mmoja, na huyo huyo ndiye anayekwenda kununua maji ya kunywa ya semina. Mfano nitakaoutumia ni mafunzo ya maafisa ugani kuhusu uhifadhi wa mahindi na kuzuia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, katika mkoa wa Dodoma, kwa sababu ndio ninaoujua. Kama watu wako wanasimamia kamati za maji au vikundi vya kuweka na kukopa, badilisha chupa na mahindi, njia ni hiyo hiyo.

Ukisoma popote kuhusu kupima mafunzo utakutana na ngazi 4 za Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeanza kuziandika mwaka 1959: washiriki waliyaonaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya nini kazini, na kazi hiyo imezaa nini. Sina ugomvi na ngazi hizo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaozipanda: tunakanyaga ya kwanza, tunaichungulia ya pili, kisha tunashuka kwenda kuandika ripoti. Muda wako mwingi upeleke kwenye ya tatu. Hapo ndipo mafunzo mengi hufia, na hapo ndipo watu hawaendi kuangalia.

Hatua ya 1: Andika kitu kinachoonekana kwa macho, kabla hujamwita mtu

Kabla ya kutafuta ukumbi, kaa na bosi wa wale wanaokwenda kufundishwa, umuulize: wakirudi, wafanye nini ambacho leo hawafanyi? Jibu la kwanza karibu kila mara litakuwa "wajengewe uwezo". Usiliandike. Neno hilo ni sawa na jembe lisilo na mpini, huna pa kulishikia. Endelea kuuliza, hata ukionekana msumbufu, mpaka upate sentensi yenye mtu, tendo, mahali na muda. Kwa mfano:

"Kufikia mwisho wa Julai, kila afisa ugani wetu awe ameonyesha kwa mikono yake, katika kila kikundi anachokisimamia, namna ya kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na namna ya kufunga mfuko wa tabaka 3, bila kuruka hatua yoyote ya lazima."

Sentensi si tamu, lakini mtu yeyote anaweza kwenda kijijini akarudi na jibu la ndiyo au hapana. Vitenzi kama kuelewa, kufahamu na kuhamasika vifute vyote. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akifahamu. Na malengo yasizidi 2 au 3. Mafunzo ya siku 4 yenye malengo 12 hayana lengo.

Kuna swali jingine la kuuliza siku hiyo hiyo, nalo limewahi kuokoa bajeti nzima: huyu mfanyakazi akiahidiwa ng'ombe mmoja, angeweza kulifanya jambo hili leo? Kama angeweza, basi anajua tayari. Anachokosa ni kitu kingine, pengine mafuta ya pikipiki, pengine muda, pengine sababu ya kulifanya. Semina haitampa.

Hatua ya 2: Pima walipo kabla ya kuanza

Jaribio la awali watu wengi hulifanya, lakini kwa maswali yasiyofaa. "Sumukuvu ni nini?" ni swali la kukariri. Jaribu hivi: "Mama mmoja ameanika mahindi juu ya turubai kwa siku 2. Usiku mvua imepiga, yamelowa upande mmoja. Anataka kuyafunga kesho kwenye mfuko usiopitisha hewa. Utamwambia afanye nini?" Hapo mtu hawezi kuponea kwenye maana ya neno. Maswali 10 ya namna hiyo yanatosha. Yaulize tena siku ya mwisho, umebadilisha mpangilio tu.

Wasiandike majina. Kila mmoja achague tarakimu 4 anazozikumbuka, azitumie kwenye karatasi zote mbili ili uweze kuzilinganisha. Mtu anayeogopa kwamba alama zake zitafika kwa mkurugenzi ataangalizia kwa jirani, na utakuwa umepima urafiki wao.

Kisha fanya jambo ambalo karibu wote tunaliruka: kabla ya mafunzo, fuatana na maafisa 3 au 4 fildi, uwaone wakifanya kazi wanavyoifanya siku zote. Usiwasahihishe. Andika tu ulichokiona, pamoja na tarehe. Bila hilo, miezi mitatu baadaye utaona kazi nzuri na hutajua kama imetokana na mafunzo au ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nilikuja kulijutia sana pengo hilo. Nilikuwa na alama za karatasi kabla na baada, lakini sikuwa na picha hata moja ya kazi yenyewe kabla.

Hatua ya 3: Fomu ya maoni, ifupishe

Fomu yenye maswali 25 ya kuzungushia namba 1 hadi 5, inayogawiwa jioni ya mwisho huku watu wanaangalia saa ya basi na mhasibu anahesabu posho pembeni, itajazwa 4 na 5 kutoka juu hadi chini. Mtu mwenye adabu hamtukani mwenyeji wake mlangoni. Uliza maswali 3 ya kuandika: kipi utakitumia wiki ijayo, kipi hukukielewa, kipi kitakuzuia kukitumia ukirudi. Fomu igawe asubuhi ya siku ya mwisho, si jioni, na posho iwe imekwisha kulipwa au isitajwe kabisa wakati huo.

Swali la tatu ndilo lenye mali. Kwenye karatasi zile 14, watu 8 waliandika "usafiri". Nililisoma, nikaliona kama manung'uniko ya kawaida, nikalipita.

Hatua ya 4: Jaribu mikono kabla watu hawajaondoka

Tenga nusu siku. Weka vituo 3, kila kituo na msimamizi wake: kupima unyevu, kufunga mfuko, kumweleza mkulima mbishi (mmoja wenu aigize mkulima, na abishe kwelikweli). Kwa watu 14, kila mmoja akikaa dakika 10 kwa kila kituo na vituo vyote vikienda pamoja, ni saa 2 na nusu hivi. Mwezeshaji atalalamika kwamba mada yake ya mwisho imekosa muda. Ikose.

Kila kituo kiwe na orodha hakiki ya ndiyo na hapana. Usiweke alama za 1 hadi 5, kwa sababu "3" yako si "3" yangu. Ya chumvi tuliyokuja kuitumia baadaye ilikuwa hivi:

- Chupa ni kavu ndani na ina kifuniko.
- Chumvi ni kavu, imekaushwa na kutunzwa kwenye chombo kilichofungwa. (lazima)
- Mahindi yamechotwa sehemu mbalimbali za lundo au gunia, si juu tu.
- Chupa haikujazwa, nafasi ya kutikisa ipo.
- Ametikisa kwa dakika kadhaa, akaacha punje zitulie kabla ya kutazama.
- Amesoma jibu sawasawa: chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado. (lazima)
- Amewaeleza wakulima kwamba chumvi hushika pale unyevu unapozidi takriban asilimia 15, ilhali kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, hivyo chumvi isiposhika bado yafaa kuongeza jua kabla ya kufunga mfuko.

Kipengele cha mwisho kiliongezwa na afisa mmoja mwanamke ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifanya kazi na wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa. Alisema wakulima wanalichukulia jaribio la chumvi kama cheti, wakifika sokoni wanashangaa kipima unyevu kinawakataa. Sisi wa ofisini hatukuwa tumeliwaza. Kwa hiyo orodha hakiki usiiandike peke yako mezani. Waandike wanaoifanya kazi, wewe uinyooshe lugha tu.

Anayekosa kipengele cha lazima amekosa zoezi zima, hata akipata mengine yote. Arudie pale pale, mara 2 au 3, mpaka mikono ishike. Hili si jaribio la kumfelisha mtu, ni nafasi yake ya mwisho ya kukosea bila kuchekwa na kijiji.

Hatua ya 5: Nenda ukaone

Hapa usifanye haraka.

Kwanza, lini? Vitabu vitakuambia miezi 3. Vijijini kalenda ni ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja, mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili, mavuno huanza Mei na kuendelea. Mafunzo ya uhifadhi yakifanyika Machi, Juni na Julai ni wakati wake wa kuyapima. Lakini fedha zikichelewa, mafunzo yakafanyika Septemba, ile miezi 3 itakuangusha Desemba, watu wako shambani wanapanda, hakuna hindi la kuanika. Nimewahi kusoma ripoti iliyosema wafanyakazi "hawajaanza kutumia ujuzi", na ukaguzi wenyewe ulifanyika Januari. Wangeutumia juu ya nini? Kama tarehe haziwezi kuhama, pima kinachopimika msimu huo, halafu weka bajeti ya safari moja zaidi wakati wa mavuno. Iandike kwenye andiko la mradi tangu mwanzo, maana fedha ya ufuatiliaji isiyoandikwa mwanzoni haipatikani mwishoni.

Pili, wangapi? Mkiwa 14, watembelee wote kama unaweza. Mkiwa 40, chukua 10 au 12, na wachaguliwe kwa kura: majina kwenye vikaratasi, kofia, mkono wa mtu asiyehusika. Bosi wao atakuelekeza kwa wale wawili anaojivunia, na vikundi vyao vipo kando ya lami. Mshukuru, kisha fuata kura.

Tatu, namna ya kufika. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa mwenyewe kwamba utakuja kuona kazi, bila kusema unakwenda kuangalia kipengele gani. Ziara ya kuvizia huvunja imani, na tena kijijini haiwezekani: kabla hujazima pikipiki, habari zimeshafika kitongoji cha mwisho. Ukifika, salimia kwa utaratibu, kaa nyuma na wakulima, na ile orodha yako ibaki mfukoni. Jaza baadaye, ukiwa peke yako. Ukishika ubao wa karatasi na kalamu, afisa atakuwa anakuhubiria wewe.

Hata ukijificha namna gani, siku hiyo atafanya kwa bidii kuliko siku zote. Ulichokiona, basi, ni ubora wake wa juu kabisa. Ili ujue siku za kawaida zinakwendaje, uliza vitu. Vitu havina aibu. Chupa ya kupimia ina vumbi? Daftari la mahudhurio lina tarehe za vikao vingapi, na mwandiko ni mmoja au wa watu tofauti? Kisha mwombe mkulima mmoja au wawili wakupeleke kwao: "Naomba unionyeshe ulivyofunga mfuko wako." Mfuko wa tabaka 3, ule wengi wanaouita wa PICS, una mifuko 2 ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje, na kila mmoja hufungwa peke yake baada ya hewa kutolewa. Hapo ndipo wadudu wanapokosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Ukikuta wa nje tu ndio umefungwa kwa kamba safi na ya ndani imekunjwa tu, umejua afisa alisema nini na alionyesha nini. Kama mfuko umekaa sakafuni umeegemea ukuta badala ya kukaa juu ya chaga, pia andika.

Nyumba moja tulikuta kila kitu kimefungwa vizuri, lakini mama mwenye nyumba alikuwa anaufungua mfuko huo huo kila wiki kupata mahindi ya kusaga. Hewa inaingia kila wiki. Afisa hakuwa na kosa, somo letu ndilo halikusema kwamba mahindi ya kula ya karibuni yatengwe. Ukipima wafanyakazi vizuri, mara nyingi unakuta umepima mtaala.

Wakulima usiwaulize "anawafundisha vizuri?" Watasema ndiyo, kwa heshima yake na kwa heshima yako. Uliza: "Mara ya mwisho alipokuja, mlifanya nini?" Nyamaza, sikiliza. Kama wazee wa pale wanazungumza Kigogo au Kirangi kwa raha zaidi, tafuta mkalimani wa kijijini. Afisa mwenyewe asikutafsirie maneno yanayomhusu.

Hatua ya 6: Kabla ya kusema mafunzo yameshindwa, tafuta kilichowazuia

Katika safari ile, kati ya 14 ni 5 tu waliokuwa wakifanya kama tulivyokubaliana. Haraka haraka mtu angeandika: mafunzo yarudiwe. Tulikaa na kila mmoja wa wale 9. Wawili walikuwa kweli hawajui, akiwemo kijana wa chumvi. Wengine 7 walifanya maonyesho safi nilipowaomba, pale pale uani. Walijua. Pikipiki zilikuwa chache, mafuta yalitoka kwa mwezi mara moja na kuisha wiki ya pili. Na kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuna aliyelitaja mpaka mmoja akatoa fomu ya ripoti ya mwezi mkobani: fomu iliuliza idadi ya vikundi vipya vilivyoundwa. Kurudi kwenye kikundi cha zamani kuonyesha tena hakukuwa na mstari. Kwa hiyo kila mwenye lita 3 za petroli alikwenda kuunda kikundi kipya, kwa sababu hicho ndicho kilichosomwa na bosi.

Mstari mmoja kwenye fomu. Hakuna semina ambayo ingeurekebisha.

Kwa hiyo, kila unapokuta mtu hafanyi, mweke kwenye moja ya mafungu haya kabla ya kuandika neno lolote. Hajui: arudi darasani, lakini yeye tu, si wote. Anajua ila mikono haijazoea: mpangie siku 2 afuatane na mwenzake anayeweza, ni rahisi kuliko ukumbi. Anaweza ila hana nyenzo: hiyo ni barua ya kwenda kwa meneja fedha. Ana kila kitu ila haoni sababu ya kufanya: tazama anachosifiwa nacho, anachoulizwa kwenye kikao cha Jumatatu, anacholipwa. Fungu hili la mwisho ndilo gumu kuandika kwenye ripoti, kwa sababu mara nyingi linamgusa anayeisoma.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Brinkerhoff, ana njia inayofaa sana pale muda ni mdogo: tafuta waliofanikiwa kupita wote na walioshindwa kupita wote, uzungumze nao kwa kina. Wawili wa juu na wawili wa chini, saa moja kila mmoja, watakupa zaidi ya dodoso la watu 40. Waliofaulu waulize nani aliwasaidia. Kati ya wale 5 wetu, 3 walikuwa chini ya msimamizi mmoja, aliyekuwa akiwauliza kila Ijumaa, "Chumvi mmeionyesha wapi wiki hii?"

Hatua ya 7: Matokeo kwa wakulima, kwa tahadhari

Mfadhili atataka kujua kama sumukuvu imepungua. Ni swali la haki. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hakuna aliyefanya kazi huku anayeichukulia kama mada ya semina tu. Lakini usiruhusu mafunzo ya siku 4 yahukumiwe kwa kipimo cha maabara. Sumukuvu huanzia shambani, ukame ukiikamata mimea, kabla ya afisa wako kufungua mdomo. Na punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi, kwa hiyo sampuli moja ya gunia inaweza kuwa chini ya kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo na ya pili ikawa juu mno.

Pima kilicho karibu na kazi ya afisa: kaya ngapi zimeanika juu ya turubai na si ardhini, ngapi zimefunga tabaka zote 3, ngapi zimechambua punje zilizovunjika na zenye ukungu kabla ya kuhifadhi. Na kama unaweza, fundisha kwa awamu: nusu ya maafisa mwaka huu, nusu mwaka ujao, waliotangulia wachaguliwe kwa kura. Vijiji vya wanaosubiri vitakuwa kioo chako. Mvua ni ile ile, bei ni ile ile, tofauti inayobaki ina uzito.

Hatua ya 8: Piga hesabu ambayo haipendwi

Chukua gharama zote: ukumbi, mwezeshaji, chakula, nauli, posho, pamoja na mishahara ya siku ambazo watu hawakuwa kazini. Tuseme, kwa mfano, jumla ni shilingi 5,600,000 kwa watu 14. Ripoti za kawaida zitasema shilingi 400,000 kwa kila mshiriki. Wewe gawa kwa wale wanaofanya kazi kwa namna mpya. Wakiwa 5, kila mmoja amegharimu shilingi 1,120,000. Kisha onyesha upande wa pili: mafuta ya ziada ya shilingi 700,000 na fomu iliyorekebishwa vikiwainua wale 7 waliokuwa wanajua tayari, gharama kwa kila mmoja inashuka hadi 525,000. Namba hizo mbili mbele ya bodi hufanya kazi kuliko kurasa 30.

Hatua ya 9: Ripoti, na nani aione kwanza

Ukurasa mmoja. Juu, ile sentensi ya hatua ya kwanza. Chini yake, wangapi wanafanya, wangapi hawafanyi na kwa nini, kisha maamuzi 3 unayoyaomba, kila moja na jina la cheo kinachopaswa kuamua. Viambatisho viwepo kwa atakayevitaka.

Waione kwanza wafanyakazi wenyewe. Wasomee, wakusahihishe, maana kuna mambo utakuwa umeyaelewa vibaya. Majina na alama za mtu mmoja mmoja zisitoke nje ya watu wanaozihitaji. Hilo ni suala la utu, na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika nchini Tanzania, ni suala la sheria pia. Na siku alama hizo zitakapotumika kuamua nani aongezewe mkataba, jua kwamba hutapata tena jibu la kweli kwenye shirika hilo.

Kama huna muda wa haya yote

Najua hali. Una siku 2, pikipiki moja ya kuazima, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Basi acha fomu za maoni, acha maabara. Andika ile sentensi ya tendo moja, hata kama mafunzo yameshapita. Piga kura, upate maafisa 4. Siku ya kwanza nenda kwa wawili, siku ya pili wawili, na kwa kila mmoja ingia nyumba moja ya mkulima uone mfuko ulivyofungwa. Jioni muulize afisa swali moja, mkiwa mmekaa na chai, bila karatasi: "Ni nini hasa kinachokuzuia?" Na ukienda, beba chumvi yako mwenyewe, kavu, kwenye kichupa kilichofungwa. Kijana wa Kongwa sasa anatembea na viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha kumwachia kikundi.